Kabla ya kumwekea mzee mikono, waulizeni wa nyumbani kwake: barua ya wazi kwa viongozi wa makanisa ya Tanga

Kwa baba zetu maaskofu, wakuu wa majimbo, mapadre, wachungaji, na wazee wote mnaokaa kwenye mabaraza ya makanisa ya Tanga mjini na wilaya zake.

Bwana Yesu asifiwe.

Nawaandikia nikiwa mshirika wa kawaida, mke na mama, niliyewahi kukaa kwenye baraza la wazee la usharika mmoja hapa mjini. Usharika huo sitautaja, kwa sababu ninayoyasema nimeyasikia pia kwa ndugu wa madhehebu mengine, na sitaki mtu apumue akidhani yanamhusu jirani. Ombi langu ni moja. Asiwekewe mikono, yaani asisimikwe, mzee wa kanisa, shemasi wala mchungaji yeyote mwenye familia kabla mke wake na watoto wake hawajaulizwa, faraghani, wanaishi naye vipi. (Kwa ndugu zetu Wakatoliki, ambao mapadre wao hawaoi, jambo hili linawahusu makatekista na wenyeviti wa jumuiya.) Kwa sasa hawaulizwi.

Mnajua vikao vya kupitisha majina vinavyokwenda. Ni jioni, meza ndefu ofisini, feni inalia juu, chupa ya chai ya tangawizi imewekwa katikati. Jina linasomwa. Ana ndoa? Anayo, ya kanisani, cheti kipo. Ahadi za michango? Katibu anafunua daftari, anashusha kidole kwenye safu ya majina: ya mwaka jana amemaliza, ya jengo bado kidogo. Jumuiya anahudhuria? Anahudhuria. Kuna mwenye neno? Kimya. Basi tuendelee. Jina limepita, na chai kikombeni haijapoa. Hakuna aliyeuliza kama mtu huyo anampiga mkewe. Hakuna aliyeuliza kama watoto wake, wakisikia mlio wa pikipiki yake jioni, hukimbilia mlangoni au hukimbilia chumbani.

Sasa fungueni Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, sura ya 3, ambao sisi wenyewe huusoma siku ya kuwasimika wazee. Daftari la ahadi halimo. Zimo sifa nyingine: awe mwenye kiasi na busara, mkaribishaji, mpole, si mtu wa kuzoelea ulevi, si mpiga watu, asiwe mwenye kupenda fedha, mwenye kuisimamia nyumba yake vema. Ukiondoa kujua kufundisha, karibu kila sifa hapo hujulikana kwanza na watu wanaolala chini ya paa moja na mhusika. Halafu Paulo anauliza swali ambalo tunalinukuu sana na kulitumia kidogo: "mtu asiyejua kuisimamia nyumba yake mwenyewe, atalitunzaje Kanisa la Mungu?"

Timotheo alikuwa Efeso alipoandikiwa maneno hayo. Kanisa la kule halikuwa na jengo lenye mnara na uzio. Waumini walikutana majumbani, na tunajua hata nyumba mojawapo: Paulo akiwa Efeso aliwaandikia Wakorintho salamu za Akila na Priska "pamoja na kanisa lililo katika nyumba yao". Katika mazingira hayo, nyumba ya kiongozi ilikuwa wazi kwa kanisa zima. Waliona anavyozungumza na mkewe chakula kikichelewa. Waliona watoto wanavyomtazama. Haikuhitajika kamati ya kuchunguza, kwa kuwa ibada yenyewe ilifanyika sebuleni kwake. Sisi tumejenga makanisa, na namshukuru Mungu kwa kila tofali, lakini mzee wetu tunamwona Jumapili asubuhi akiwa na suti na tai, na siku ya mavuno akisimamia mnada wa mikungu ya ndizi na kuku. Yale ambayo kanisa la Efeso liliyaona bila kuuliza, sisi tusipoyauliza hatutayajua. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kuna dada mmoja, mke wa mzee wa kanisa, aliyekuja kwenye kipindi cha akina mama amejifunika mtandio mpaka kidevuni. Ilikuwa Februari, joto lile la kaskazi ambalo hapa Tanga hata kuta hutoa jasho. Tulikaa naye benchi moja. Alipoinama kuokota kitabu cha nyimbo, mtandio ukateleza, nikaona alama za vidole shingoni. Alikwishapeleka shida yake kwa watu wa kanisa, akaambiwa avumilie, amwombee mumewe, mwanamke mpumbavu huivunja nyumba yake kwa mikono yake mwenyewe. Jumapili iliyofuata ilikuwa ya meza ya Bwana, na mumewe alikuwa zamu ya kusaidia kugawa. Dada yule alipiga magoti akapokea kikombe kutoka kwenye mkono uleule.

Baba zetu, semeni nanyi kama hilo ni sawa. Mtume Petro anawaagiza waume wakae na wake zao kwa akili na kuwapa heshima, "kusudi kuomba kwenu kusizuiliwe". Maana yake ni kwamba tunampa mtu zamu ya kutuongoza katika maombi ambayo Petro amesema yanazuiliwa. Hata serikali ililiona hili zamani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Hiyo ni zaidi ya miaka 50 sasa. Kanisa lenye "si mpiga watu" kwenye Maandiko yake kwa karne zote hizi halikupaswa kusubiri Bunge.

Tumelishika neno moja katika orodha ile kuliko yote, nalo ni mume wa mke mmoja. Hili tunalihesabu vizuri. Mwenye wake wawili hata hajaribu kujitokeza. Lakini tumelifanya hesabu tupu. Mwenye cheti kimoja Chumbageni na nyumba ndogo Pongwe anapita, kwa kuwa cheti ni kimoja. Mjane aliyelea watoto wanne kwa kuuza vitumbua, nyumba yake ina amani mpaka watoto wa jirani wanapenda kulala kwake, yeye tunasitasita kumpendekeza kwa sababu "hana mume". Paulo aliyeandika maneno yale hakuwa na mke, na aliwaambia Wakorintho waziwazi kwamba kwa wasiooa na wajane ni heri wakae kama yeye. Sioni namna ya kuwaambia watu wa hali hiyo kwamba hawastahili kazi ya uzee.

Historia ya makanisa yetu inatufundisha jambo hapa. Mkutano wa maaskofu wa Anglikana huko Lambeth mwaka 1888 uliamua kwamba mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe. Afundishwe tu, angojee mpaka atakapokuwa katika hali ya kuikubali sheria ya Kristo. Wakati huo Wamisionari wa Kianglikana walikuwa tayari wako Magila, huku kwetu Muheza. Kungojea huko, kwa wengi barani Afrika, kulikuwa na maana moja: fukuza wake, bakiza mmoja. Miaka 100 baadaye, mwaka 1988, maaskofu wa mkutano huohuo wa Lambeth waliamua kwamba mwanamume wa namna hiyo anaweza kubatizwa pamoja na wake zake na watoto wake walioamini, kwa masharti kwamba asioe tena na kwamba waumini wa mahali hapo waridhie. Waliongeza kwamba asilazimishwe kuwaacha wake zake, kwa sababu ya dhiki ambayo wanawake hao wangeipata. Ubatizo ni jambo moja na uongozi ni jambo jingine. Siombi mwenye wake wawili awe mzee. Ninachoomba mkione ni hicho kilichobadilika katikati ya 1888 na 1988. Kanisa lilianza kuuliza hali ya wanawake wa nyumba ile itakuwaje. Kwenye kuchagua viongozi, swali hilo bado hatujaanza kuliuliza.

Nije kwa watoto, kwa maana hapa ndipo tunapoumiza watu bure.

Kuna mzee mmoja, mtu mwema kweli, aliyevuliwa uzee kwa sababu binti yake wa chuo alipata mimba nje ya ndoa. Binti aliwekwa nje ya ushirika, baba akaitwa barazani, akasomewa mstari wa watoto wenye kutii, akakabidhi majukumu. Nilimfahamu nyumbani kwake. Binti aliporudi na tumbo, baba alimpokea begi mlangoni, akamwambia aingie ndani ale. Alimpeleka kliniki mwenyewe kwa bajaji. Kijana aliyehusika aliitwa na familia yake, wakazungumza kwa heshima, bila matusi. Mtoto alipozaliwa babu ndiye aliyekuwa akiamka usiku kumbembeleza ili mama asome mtihani. Kama kuna mtu aliyeonyesha mbele ya macho yetu namna ya kuisimamia nyumba siku ya taabu, ni yeye. Na siku hiyohiyo tuliyoiona, tukamvua.

Mwaka huohuo mzee mwingine alipatwa na jambo hilohilo. Huyu alimpakia binti yake kwenye basi la alfajiri, akampeleka kwa shangazi mbali, akatangaza kwamba ameenda kusoma. Watu walijua. Lakini hakukuwa na tumbo la kuonekana kanisani, kwa hiyo hakukuwa na kesi. Aliendelea na uzee mpaka muhula ukaisha. Wazee wengine wote walioshuhudia hayo mawili walijifunza somo, nanyi mnajua ni somo gani.

Wanaotetea desturi hii hukimbilia kwa Eli, yule kuhani wa Agano la Kale. Basi tumsome Eli kwa ukamilifu. Wanawe, Hofni na Finehasi, hawakuwa vijana waliopotelea mtaani. Walikuwa makuhani kazini, wakinyakua nyama ya dhabihu za watu kwa nguvu na kulala na wanawake waliohudumu mlangoni pa hema. Baba yao alijua, akawasemesha kwa mdomo, akawaacha kwenye nafasi zao. Kosa la Eli ni la kiongozi aliyewaacha wanawe waibe kanisani. Kwa kipimo hicho, wanaopaswa kuitwa barazani ni wale wanaoweka watoto na wakwe zao kwenye kamati ya ujenzi na kwenye uhasibu wa usharika. Samweli naye, wanawe Yoeli na Abiya walipokea rushwa kule Beer-sheba, na hatusomi popote kwamba Mungu alimkataa Samweli kwa ajili hiyo. Na nabii Ezekieli, sura ya 18, analimaliza jambo kwa maneno ambayo hayahitaji mfafanuzi: mwana hatauchukua uovu wa baba yake, wala baba hatauchukua uovu wa mwanawe.

Sisemi watoto wasitazamwe. Mtoto mdogo anayelala njaa wakati baba anatoa laki tano kwenye harambee ni ushahidi mzito, na Paulo anamwita baba huyo mbaya kuliko mtu asiyeamini. Binti wa kazi anayelala jikoni sakafuni na hajalipwa miezi mitatu ni ushahidi pia, ingawa hajazaliwa humo. Kinachopaswa kupimwa ni baba anavyowatendea walio chini ya mkono wake. Mtoto mtu mzima aliyechagua njia yake, huyo ana Mungu wake wa kumjibu.

Paulo ana mstari mwingine ambao kwa sisi watu wa Tanga ungepaswa kuwa wa kwanza: kiongozi ashuhudiwe mema na watu walio nje. Walio nje, kwetu, ni akina nani? Ni majirani zetu Waislamu. Sisi hatuishi mitaa ya peke yetu. Ukienda Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, au Makorora, au Mabawa, nyumba moja ina vyumba sita na familia sita, uani kuna bomba moja na kamba moja ya kuanikia nguo. Anayejua saa ngapi mzee wetu amerudi, na amerudi vipi, na nani amelia baada ya hapo, ni mpangaji wa chumba cha pili. Bibi mmoja Mwislamu, mtu mzima wa kuheshimika, aliwahi kuniuliza kwa upole kabisa tukiwa tunasubiri maji: "Mwanangu, na yule naye mmempa kanisa?" Hakusema zaidi, na adabu yake haikumruhusu. Alikuwa anajua kitu ambacho baraza zima halikukijua, na angekisema kama mtu mwenye heshima angekwenda kumsalimu na kumuuliza.

Najua mtakayonijibu. Mtasema ndoa ina siri zake na kanisa haliingii chumbani. Lakini kanisa linaingia chumbani kila linapotaka. Linauliza wachumba kama wameshaanza kukaa pamoja. Linamtenga binti kwa mimba. Linachelewesha ubatizo wa mtoto kwa kuwa wazazi hawajafunga ndoa. Mlango huu mmoja tu ndio tumeufunga, ule ambao nyuma yake yupo mwanamume mwenye cheo.

Mtasema pia tutafungulia umbea, kila mwenye chuki atamchafua mwenzake. Hofu hiyo ni ya haki, na Paulo mwenyewe alionya kwamba mashitaka juu ya mzee yasikubaliwe ila kwa vinywa vya mashahidi wawili au watatu. Ila hapo anazungumzia aliyekwisha kuwa mzee. Kwa anayeingia, kwa habari ya mashemasi, amesema "na wajaribiwe kwanza". Kujaribiwa kwanza ndiko kunakoepusha fedheha ya kumshitaki baadaye.

La tatu ndilo zito kuliko yote, nami limenikosesha usingizi: mke atakayesema kweli atapigwa zaidi akibainika. Kwa hiyo utaratibu uwe wa kumlinda. Waulizwe wa nyumbani kwa kila mpendekezwa, bila kubagua, ili hata mke wa mtu mwema aulizwe na asiwepo wa kunyooshewa kidole. Wasitumwe watu wa usharika uleule. Atoke mama mtu mzima wa usharika mwingine, mwenye kifua, na akae na mke peke yao, mume akiwa kazini. Maneno ya mke yasiandikwe popote. Mama yule arudi kwa mchungaji na jibu fupi: tuendelee, au tusubiri. Jina lililosubirishwa lisielezwe sababu barazani, na kwa kuwa majina mengine husubirishwa kwa ajili ya kazi, safari au umri, hakuna atakayejua. Na pale ambapo mama yule ameona hatari, msiishie kwenye kusubirisha jina. Dawati la Jinsia na Watoto lipo polisi, ustawi wa jamii wapo. Dada yule asindikizwe, na mfuko wa diakonia, ule wa kuwahudumia wenye shida, ulipie mahali pa kulala yeye na watoto. Kama tunaweza kuchangisha vigae vya kanisa, hilo tunaliweza.

Kwa ninyi maaskofu na wakuu wa majimbo nina neno la pekee kuhusu wachungaji wetu, kwa sababu kuna nyumba ambazo sisi ndio tunaozivunja. Tunadai mchungaji aisimamie nyumba yake vema, kisha tunamhamisha Novemba kutoka mjini kwenda usharika wa milimani Lushoto, mtoto wake akiwa darasa la sita na mwingine akingoja matokeo. Tunamwita kwenye msiba saa nne usiku, kikao cha fedha Jumamosi nzima, jumuiya alfajiri, kesha Ijumaa. Siku ya mapumziko hana, na akijaribu kuwa nayo tunasema amekuwa mvivu. Mkewe tumempa kazi nyingi asizolipwa, na watoto wake kila wanalofanya linasemwa na usharika mzima. Uhamisho uandikwe kwa kufuata kalenda ya shule. Mchungaji apewe siku moja ya wiki ambayo simu yake inapokelewa na mwinjilisti. Na mama mchungaji naye awe na mtu wa kumsikiliza, asiye chini ya mumewe na asiye mshirika wa usharika wao, kwa maana kama mke wa mzee hana pa kusemea, mke wa mchungaji ndiye hana kabisa.

Kwa wale waliokwisha kusimikwa, siombi msako. Naomba muhula unaofuata, hata anayerudia, nyumba yake iulizwe upya kama ya mgeni. Na yule mzee aliyevuliwa kwa kumpokea binti yake, nawasihi mliohusika mwende kwake, mmwombe radhi.

Mapendekezo ya wazee wapya yakianza tena, kwenye fomu, chini ya mahali pa namba ya cheti cha ndoa, iongezwe nafasi ya sahihi ya mama aliyetumwa nyumbani kwa mpendekezwa na tarehe aliyokwenda. Jina lisilokuwa na sahihi hiyo lisisomwe barazani.

Wenu katika Kristo,
Mshirika, Tanga mjini